Mvumaji wa Andes au chozi wa Kilimanjaro: yupi umpeleke darasani?

Mwanafunzi mmoja wa klabu yetu ya malihai alikuja Jumatatu asubuhi amejaa habari. Jana yake jioni, kwenye maua ya kwao Marangu, alikuwa amemwona ndege mvumaji, yule mdogo wa kwenye video anayesimama hewani mbele ya ua huku mabawa hayaonekani kwa kasi. Nikamwuliza alikuwa na miguu mingapi. Darasa likacheka, naye akacheka. Kesho yake akarudi amenyong'onyea: miguu ilikuwa sita, na kichwani kulikuwa na vipapasio viwili. Alikuwa nondo.

Simcheki, kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kumwonyesha mwalimu mwenzangu “mvumaji” kwenye ua la bustani ya shule, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Afrika hakuna mvumaji hata mmoja. Spishi zao, zaidi ya 350, zote ziko mabara ya Amerika, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini ya Chile. Ila ukifungua video yoyote inayoeleza jinsi ndege wanavyochavusha maua, utakutana na yeye. Wenzetu wa Kenya wamemzoea pia kwa ile hadithi aliyopenda kuisimulia Profesa Wangari Maathai, ya ndege mdogo anayebeba tone la maji kwenda kuzima msitu unaoungua. Kwa hiyo watoto wanamjua wa mbali kuliko chozi, ndege wetu mdogo anayekunywa utamu wa maua, anayening'inia kwenye mgomba wa nyuma ya jiko.

Mwalimu mwenye vipindi viwili tu vya kueleza jinsi ndege na maua wanavyoshirikiana mlimani lazima achague. Ama mvumaji wa Andes, ile safu ya milima ya Amerika Kusini, na nitamchukulia wa Ekuado kwa sababu nchi hiyo ndogo ina spishi kama 130 na milima inayopanda kutoka joto la ndizi hadi theluji. Ama chozi wa Kilimanjaro, kwenye njia ya Marangu, ambayo nayo inapanda hivyo hivyo. Nimefundisha kwa mifano yote miwili na jibu langu limebadilika mara mbili. Siku hizi nachagua kwa kuangalia ni mwinuko gani ninaouzungumzia.

Hawana undugu

Kwanza tuondoe dhana ya undugu, maana ndilo swali la kwanza darasani. Chozi na mvumaji wamefanana kwa sababu ya kazi. Damu haipo. Mvumaji yuko karibu zaidi na teleka, wale ndege weusi wanaopasua anga jioni wakila wadudu na hutawaona wametua kwenye nyaya za umeme. Chozi yuko upande wa shomoro. Kila mmoja ameanza kivyake, akafika kwenye mdomo mwembamba, ulimi mrefu na manyoya yanayong'aa kama mafuta juu ya maji. La kushangaza zaidi, visukuku vya kale kabisa vya wavumaji wenye umbo linalofanana na la leo, vya miaka milioni 30 hivi iliyopita, vimechimbwa Ujerumani. Yaani waliwahi kuwa upande wetu wa dunia, wakatoweka.

Tofauti yao kubwa iko begani. Bega la mvumaji linazunguka, hivyo bawa linambeba likishuka na likipanda pia. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2005 vilionyesha kwamba robo hivi ya nguvu inayomshikilia hewani inatokana na bawa linapopanda. Chozi hana bega la namna hiyo. Anaweza kusimama hewani kwa sekunde chache, kisha utamwona anatafuta pa kushika.

Bega hilo ndilo limechonga maua ya pande mbili. Maua mengi ya wavumaji yananing'inia peupe, kwenye vikonyo vyembamba, hayana hata kijiti cha kutua, kwa sababu mteja wake hahitaji kiti. Maua ya chozi kwa kawaida yana bua gumu, au tawi jirani, au nguzo nzima ya kushikilia. Huko Rasi, Afrika Kusini, kuna mmea uitwao Babiana ringens ambao maua yake mekundu yako karibu kabisa na ardhi. Juu yake linachomoza bua lisilo na ua hata moja. Ni kiti tu. Chozi wa kijani anashika bua hilo, anainama kichwa chini miguu juu, anakunywa. Watafiti walipoyakata mabua hayo, ndege wakapunguza kuja na mbegu zikapungua. Nikiwa na dakika kumi tu, mfano huu peke yake unatosha kueleza kwa nini ua la Afrika halifanani na ua la Amerika hata kama yote mawili ni mekundu na yote mawili yana mbochi.

Mbochi, kwa ambaye neno hili limempita, ni ule umajimaji mtamu ndani ya ua. Watoto wa Uchagani hawahitaji maelezo: wamefyonza vitako vya maua ya mgomba tangu wangali wadogo.

Chini: helikonia na mgomba

Hapa ulinganisho unakuwa mtamu kwa sababu ambayo sikuitegemea. Kwenye misitu ya joto chini ya Andes, chakula kikuu cha wavumaji wengi wa kivulini ni helikonia, mmea wenye majani mapana na maua yaliyofichwa ndani ya makopo mekundu na ya njano yaliyopangana kama mitumbwi. Hapa kwetu umepandwa kama pambo kwenye hoteli, na wageni huuita mgomba. Hawajakosea sana. Helikonia na mgomba wako kwenye oda moja ya mimea, yaani kundi moja kubwa la familia za mimea. Kwa hiyo chini ya milima miwili, pande mbili za dunia, ndege wanyonyaji wa mbochi wameangukia kwenye ukoo mmoja.

Wavumaji hao wa kivulini ni wa rangi ya kahawia na mdomo wao umepinda. Wengi wao hawalindi eneo. Kila mmoja ana njia yake msituni, anapita ua moja hapa, jingine kule, anarudi tena kwa zamu, kama mchuuzi wa maziwa mwenye wateja wake wa kila siku. Mmoja wao, mwenye mdomo uliopinda kama mundu, huvunja desturi ya ndugu zake: anashika ua kwa miguu ndipo anywe. Mkumbuke huyu, maana kule juu tutakutana na tabia yake.

Sasa njoo kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Ua la mgomba limeinamisha kichwa, kopo moja la zambarau limejifungua usiku, na chini yake kuna safu ya vijiua vya rangi ya maziwa. Chozi anakuja akipiga kelele kali za “tsip”, anashika ukingo wa kopo, anajigeuza kichwa chini na kuchomeka mdomo ua kwa ua. Nimehesabu saba kabla hajahama. Watoto wanapiga makofi: tumeona uchavushaji!

Hapana. Migomba yetu ya ndizi za kula na za kupika haihitaji chavua ili izae. Ndizi inajaa bila mbegu. Chozi pale ni mgeni anayekula na kuondoka, na mgomba haupati chochote. Kwenye haibiskasi ya getini ni vibaya zaidi: mara nyingi chozi hapiti hata mlangoni, anatoboa kitako cha ua kwa ncha ya mdomo na kunyonya kwa nyuma, bila kugusa chavua.

Kwa hiyo ukitaka kufundisha ushirikiano wenyewe, ambapo ndege analishwa na mmea unazalishwa, huku chini mfano wa mvumaji na helikonia ni safi zaidi. Ukitaka kufundisha kwamba kutembelea ua si sawa na kulichavusha, chozi wa mgombani hana mpinzani, na hutatumia hata senti moja. Mimi huanza na huyu wa pili. Makofi yale yakizimika ghafla, somo limeingia.

Mpaka wa katikati: maua yanayohesabika

Kati ya mashamba na msitu, kwenye makorongo na mashamba yaliyoachwa, kuna mmea wenye bua refu la miraba minne na mafundo ya maua ya rangi ya chungwa yaliyopangana kama vidato vya ngazi. Kwa kisayansi ni Leonotis. Rafiki yake mkubwa ni chozi mwenye mabawa ya dhahabu, ambaye mdomo wake umepinda sawasawa na mpindo wa ua hilo. Miaka ya 1970 watafiti Frank Gill na Larry Wolf walikaa karibu na Naivasha, Kenya, wakihesabu maua ya Leonotis ndani ya kila eneo lililolindwa na chozi mmoja. Ukubwa wa maeneo ulitofautiana sana. Idadi ya maua ndani yake haikutofautiana hivyo. Pale maua yalipobanana, chozi alilinda kiwanja kidogo; yalipotawanyika, alilinda shamba. Na mbochi ilipokuwa tele kila mahali, kulinda hakukulipa tena.

Huu ni mfano wa Afrika Mashariki unaokaa kwenye vitabu vya vyuo vikuu vya dunia nzima kuhusu jinsi ndege wanavyopima faida na hasara ya kulinda eneo, na sisi tunaupita. Wavumaji nao wanalinda maua, kuna tafiti nyingi, lakini kwa somo la “je, kupigana kunalipa?” sioni sababu ya kwenda Ekuado.

Msituni: hapa mvumaji anashinda

Katikati ya mlima nakubali kushindwa. Kwenye Andes, utajiri wa spishi za wavumaji unafika kileleni hapo katikati, kwenye misitu ya ukungu. Kwenye hifadhi ya Yanacocha, mteremko wa volkano Pichincha juu ya jiji la Quito, yuko mvumaji mwenye mdomo-upanga, Ensifera ensifera. Mdomo wake ni mrefu kuliko kiwiliwili chake ukitoa mkia. Ni ndege pekee wa aina hiyo. Hawezi kujisafisha manyoya kwa mdomo kama ndege wengine, anajikuna kwa miguu. Akipumzika anauelekeza mdomo juu, nadhani kwa sababu yeyote aliyewahi kubeba ngazi begani anaijua.

Mdomo huo una mwenzake. Ni mmea wa jamii ya karakara, Passiflora mixta, ambao ua lake la waridi lina bomba lenye urefu wa karibu sentimita 10. Mbochi iko mwisho wa bomba. Ndege mwingine akitaka kuifikia kwa njia halali hawezi. Ndege akirefusha mdomo, ua linalorefusha bomba linagusa kichwa chake vizuri zaidi na kupaka chavua. Ua likirefusha bomba, ndege mwenye mdomo mrefu zaidi anashiba zaidi. Vizazi kwa vizazi. Na hatari yake iko wazi: mmoja akitoweka, mwingine ana shida kubwa. Sijui mfano wa chozi unaoeleza jambo hili kwa sekunde tano kama video ya mdomo-upanga. Hapo nafungua simu, naunganisha spika, na mimi mwenyewe naangalia tena.

Hata hivyo, usiache msitu wetu ukapita bure. Tulipanda na wanafunzi kumi na wanane kutoka lango la Marangu, lililo chini kidogo ya mita 2000, hadi kibanda cha Mandara, mita 2720. Mvua ilitunyeshea saa nzima na makoti yalikuwa machache kuliko watoto, kosa langu. Lakini kandokando ya njia, kwenye unyevu, kulikuwa na Impatiens kilimanjari, ua jekundu dogo ambalo halioti mlima mwingine wowote. Nyuma yake lina kimkia kilichojikunja kama mkia wa kinyonga. Hifadhini haturuhusiwi kuchuma, ila moja lilikuwa limedondoka njiani. Nilikipasua kimkia kwa ukucha, na ndani, kwenye mkunjo wa mwisho, kulikuwa na tone moja. Binti mmoja aliligusa kwa ncha ya ulimi. “Sukari, Mwalimu. Ila kidogo.”

Tukasimama kimya. Baada ya muda akaja chozi mdogo wa kijani mwenye mkanda mwekundu kifuani, Cinnyris mediocris. Hakuwa na pa kutua, maana bua la Impatiens ni laini kama mchicha. Alishika bua hilo hilo likainama naye, akachomeka mdomo, akaruka ua la pili, hapo akapigapiga mabawa mbele yake kwa kama sekunde mbili, akapotea. Watoto wakanigeukia. Si ulisema chozi hasimami hewani?

Nilikuwa nimesema. Na hapo ndipo jibu langu lilipobadilika mara ya pili. Kwenye Mlima Kameruni, watafiti kutoka Cheki wameonyesha kwamba jamaa wa ua hili, Impatiens sakeriana, hutembelewa na chozi wanaosimama hewani mara kwa mara wakinywa. Ua lina umbo la kumhitaji ndege mvumaji, ila mvumaji hayupo, na chozi anafanya kazi hiyo kadiri anavyoweza. Jamaa mwingine wa huko Kameruni, Impatiens frithii, ana kituko chake: mdomo wa chozi ukiingia kwenye kimkia kilichopinda, ua zima linajizungusha kwenye kikonyo chake ili mpindo wa ua ufuate mpindo wa mdomo. Ndege habadiliki. Ua ndilo linalogeuka.

Ukinilazimisha nichague mmoja kwa msitu wa katikati, kwa kipindi cha ndani nachukua mdomo-upanga. Kwa safari nachukua Impatiens. Lakini uwe umeshamweleza mwanafunzi kwamba sheria ya “chozi hutua” ina mianya, usije ukaaibika kama mimi.

Juu: mlima unawakalisha wote

Kuanzia kwenye vichaka vya erika na kuendelea, ndiko kwenye utajiri wa habari hii, na ndiko wengi wetu hatufiki na darasa.

Anza na nyuki. Nyuki anahitaji misuli yenye joto ili aruke. Watafiti waliokusanya nyuki kwenye miteremko ya Kilimanjaro walikuta spishi zikipungua kadiri walivyopanda, na baridi ndiyo sababu kuu. Nchini Meksiko, mtafiti Robert Cruden alionyesha tangu mwaka 1972 kwamba kwenye milima mirefu yenye mvua na ubaridi, ndege ni wachavushaji wa kutegemewa kuliko nyuki, kwa kuwa nyuki akiona ukungu anabaki nyumbani na ndege hana anasa hiyo. Anakula leo au anakufa. Ua la juu linalotegemea ndege linajipatia mfanyakazi asiyejua siku ya mvua.

Lakini mfanyakazi huyo anateseka. Kwenye kibanda cha Horombo, juu ya Mandara, mita 3720, shinikizo la hewa ni karibu theluthi mbili ya lile la pwani. Hewa nyepesi ina oksijeni kidogo, na pia inabeba bawa kidogo. Kwa mvumaji hilo ni pigo mara mbili: kusimama hewani ndiyo kazi inayokula nguvu kuliko zote, na huku juu anaifanya juu ya hewa isiyomshika, kwa pumzi isiyotosha. Damu ya wavumaji wa juu imebadilika ili ikamate oksijeni kwa nguvu zaidi. Bado haitoshi kumpa ruhusa ya kuchezea nguvu.

Afanyeje? Anakaa chini.

Kwenye nyika za juu za Chimborazo na Cotopaxi, volkano za Ekuado, yuko Oreotrochilus chimborazo, mvumaji mwenye kichwa cha zambarau kinachowaka juani. Anaishi kuanzia kama mita 3600 hadi karibu na theluji. Ua lake ni Chuquiraga jussieui, kichaka kigumu cha jamii ya alizeti, chenye majani ya miiba na maua ya chungwa. Ndege huyu hutua juu ya Chuquiraga, akashika kwa miguu, akanywa akiwa amekaa. Mtu aliyezoea video za wavumaji akimwona hivi anadhani ni mgonjwa. Kumbe ni mwenye akili. Na ua lake ni gumu, lina pa kushika, kama ua la Afrika.

Upande wetu, juu ya Mandara, njia inatoka msituni na kuingia kwenye erika, protea zenye vichwa vya rangi ya maziwa, na Kniphofia zilizosimama kama mienge. Hapa utamwona chozi wa kijani mwenye mkia mrefu. Ukiendelea hadi Horombo na makorongo yake yenye maji, unakutana na Lobelia deckenii. Ni nguzo inayozidi kimo cha mtoto, imesimama juu ya shada la majani, na katikati ya majani hayo kuna maji. Usiku maji hayo huganda kwa juu, na chini ya barafu hiyo kichipukizi kinasalimika. Maua yenyewe, ya buluu iliyofifia, yamejificha nyuma ya vijani vilivyopangana kama vigae. Kwa mbali huyaoni.

Chozi wa juu, Nectarinia johnstoni, anayaona. Ana rangi ya kijani cha chupa, mkia wa waya mbili, na vishungi vyekundu kwenye kwapa anavyovitoa akiwa na hasira. Jike naye ana vishungi, ingawa mwili wake ni wa kahawia. Anatua kwenye nguzo ya lobelia na kuipanda kwa miguu, hatua kwa hatua, akichomeka mdomo nyuma ya kila kijani. Hatumii bawa kabisa. Na hanywi tu: sehemu kubwa ya chakula chake ni vijidudu vilivyojificha humo humo. Kwa hiyo lobelia kwake ni duka la vinywaji na bucha kwa pamoja.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tofauti niliyoieleza mwanzoni, ya bega na kiti, inayeyuka ukipanda. Katikati ya mlima chozi anajaribu kuwa mvumaji kwenye Impatiens. Juu ya mlima mvumaji anakuwa kama chozi kwenye Chuquiraga. Ukifundisha chini tu, mwanafunzi ataondoka akiamini kuna ndege wa kuelea na ndege wa kutua, basi.

Inabaki usiku. Kwenye hili mvumaji ana mfano ambao chozi hawezi kuufikia. Mwaka 2020 ulitolewa utafiti wa wavumaji wa Andes ya Peru, kwenye mwinuko wa kama mita 3800. Watafiti walipima joto la miili yao usiku wakiwa wamelala usingizi wa kuzimia, ule ambao mwili unazima karibu kila kitu ili usiunguze akiba. Mmoja wao, Metallura phoebe, alishuka hadi nyuzi 3.26. Mchana mwili wake uko karibu na 40. Asubuhi akatetemeka, akapata joto, akarudi kwenye maua. Chozi nao hushusha joto usiku, imepimwa kwa chozi wa kijani kule Afrika Kusini, lakini si kwa kuzama namna hiyo. Nikitaja ile 3.26 darasani, huwa namtuma mtoto mmoja afungue friji ya jikoni ya shule na kuweka mkono ndani. Friji yenyewe ni ya joto zaidi.

Kwa mwalimu anayechagua

Sasa mambo ya mfukoni. Kwenda Ekuado hakuna anayekwenda, kwa hiyo mvumaji maana yake ni video, na video maana yake ni bando na projekta. Video nyingi zimepunguzwa kasi. Mwambie mwanafunzi, la sivyo ataondoka na picha ya ndege anayepepea polepole. Chozi wa kihambani ni bure. Chozi wa msituni anadai ada ya hifadhi, kiongozi na barua, na ni vizuri kuuliza ada za wanafunzi mapema badala ya kufika langoni na orodha mkononi. Horombo kwa watoto wa shule sikushauri. Ni siku mbili za kupanda, na kichwa kinauma. Kwa mwinuko wa juu, tumia picha za chozi na lobelia kando ya picha za Oreotrochilus na Chuquiraga, na uwaulize wanafunzi tu: miguu iko wapi?

Walio mikoani mbali na milima, Dar, Tanga au Mombasa, msijione mmeachwa. Mshubiri ukichanua uani unaleta chozi. Walio ng'ambo wana chaguo lao. Mzazi Mswahili aliye Colorado ana wavumaji wa mlimani kweli kila kiangazi, na anaweza kutundika chupa ya maji ya sukari, sehemu moja ya sukari kwa nne za maji, bila rangi na bila asali. Aliye mashariki ya Marekani atatosheka na spishi moja inayozaliana huko, na habari za miinuko atazitafuta kwingine.

Kwa klabu changa ya shule ya msingi ningechukua chozi peke yake, chini na msituni, na nisimtaje mvumaji mpaka wao wamtaje. Kwa wakubwa wanaokwenda kusoma biolojia, ningeanza na mgomba, nikaonyesha mdomo-upanga, nikamalizia na ile picha ya ndege wawili waliokaa, mmoja juu ya Chuquiraga, mmoja juu ya lobelia. Ukiwa na kipindi kimoja tu na huna projekta, toa watoto nje saa mbili asubuhi, wape ua moja kila watatu, dakika thelathini, na karatasi yenye safu tatu: saa aliyofika, alitua au aliruka, aliingia mlangoni au alitoboa. Mara ya mwisho tulipofanya hivyo kikundi cha haibiskasi kilirudi na ziara tisa, zote za kutoboa, na mtoto mmoja amekasirika kwa niaba ya ua.